Chakula cha Darini

Jiko la Mariana lilikuwa nyumba kamili, siyo kibanda cha kupikia. Lilikuwa na kuta za tofali mbichi, mlango wa mbao wenye komeo, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya miti iliyopangwa kwa kubanana hata panya alilazimika kujifikiria kabla ya kupita. Darini ndiko kilikokaa chakula cha nyumba nzima. Moshi wa kuni ulipanda kila siku, ukapenya kati ya miti, ukayapaka magunia rangi ya chai ya rangi, na dumuzi, yule mdudu wa nafaka, hakusogea. Mama yake Mariana alihifadhi hivyo, na bibi yake kabla ya hapo. Wataalamu walipokuja kijijini kwao, huku upande wa Nyarugusu, na mifuko yao ya tabaka tatu, aliwasikiliza kwa adabu, akawapa maji ya kunywa, kisha akarudi kwenye moshi wake.

Akiba ile aliianza miaka mitatu nyuma, baada ya msimu ambao walikunywa uji wa pumba na kushukuru. Mume wake, marehemu Mabula, alikuwa ameshazikwa. Mariana alijiambia kwamba njaa ikirudi itamkuta amejipanga. Tangu hapo kila mavuno yalianzia darini. Kilichobaki ndicho kilicholiwa. Viazi vitamu alivimenya kwa mkono wake, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya jabali mpaka ukivichota vinalia kama vigae. Hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza ndipo akavianika, vikawa matobolwa ya kutafuna na karanga. Majani ya kunde aliyakausha, akayashindilia kwenye vibuyu. Ilipofika mwaka huu kulikuwa na magunia sita ya mahindi, manne ya michembe, mawili ya matobolwa, debe tatu za karanga na debe mbili za choroko. Uani, juu ya mawe manne, palisimama kihenge cha mtama kilichosilibwa kwa udongo na samadi. Mtama haukutaka moshi. Ulitaka majivu na mfuniko unaobana.

Walaji walikuwa yeye, mwanawe Masalu aliyechimba dhahabu, mkamwana wake Hosiana, Justa mwenye miaka minne, na mwingine aliye njiani, miezi sita tumboni. Mariana hakuwa na elimu kubwa, aliishia darasa la saba, lakini hesabu ya vinywa na vibaba hakuna aliyemshinda. Dari na kihenge kwa pamoja vingewafikisha mavuno ya mwaka ujao, hata shamba lisipotoa punje. Kihenge peke yake kingewafikisha Aprili katikati, basi.

Na shamba lilikuwa halitoi punje. Mvua ilinyesha wiki mbili za Novemba, watu wakapanda wakiimba, kisha mbingu zikajifunga. Kufikia Februari mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa urefu wa goti, na wanaume walikuwa wakiondoka kwenda Masumbwe na Geita kutafuta vibarua. Jirani yake Rebeka, ambaye miaka yote alimcheka kwa kujaza dari, sasa alimcheka kwa namna nyingine. Alisema Mama Masalu siku akifa wasimzike na rozari, wamzike na ngazi yake, maana huko aendako atataka kupanda akaangalie magunia.

Mariana alicheka pia. Mwenye chakula anaweza kucheka.

Jumanne moja alimsindikiza Hosiana zahanati kupima mimba. Nesi Eunice, msichana mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alimaliza kupima, akaweka kalamu chini, akauliza kama pale nyumbani kuna mtu anayechoma dhahabu. Alieleza kwamba siku hizi wanamwuliza kila mjamzito. Mchimbaji akishashika dhahabu yake kwa zebaki huipasha moto ili zebaki itoke, na ile inayotoka haipotei. Inapanda kama mvuke usioonekana, halafu ikipoa inatua: juu ya paa, juu ya nguo, juu ya chakula. Mtu mzima humpa mikono ya kutetemeka na kichwa kizito. Mtoto aliye tumboni humharibu ubongo kabla hajaiona dunia.

Hosiana aliangalia vidole vya miguu yake. Akasema hapana, kwao hawachomi.

Alilijibu lile swali upesi mno. Mariana alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, na alimwona anavyobana kitambaa chake cha kichwani kwa mkono mmoja, kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

“Na nafaka, binti,” Mariana aliuliza, “ikitua kwenye nafaka, si mtu anaosha?”

“Bibi, mimi siwezi kukuambia ukiosha ni salama. Nikikuambia hivyo nitakuwa nakudanganya.”

Walirudi kwa miguu. Ni mwendo wa saa nzima, jua likiwa utosini, vumbi jekundu likiwapanda mpaka magotini. Mariana alikuwa mtu wa subira, na kwa kawaida yake swali zito aliuliza mara moja tu, tena akiwa ameshika jibu mkononi. Lakini kichwani alikuwa akirudi nyuma. Aliona mikono ya Masalu asubuhi, kikombe kikigonga meno, chai ikimwagikia shati. Walisema ni uchovu wa kushika moko, ile tindo ndefu ya kuchorongea mwamba. Aliona komeo la mlango wa jikoni, ambalo yeye hulifunga kwa kuligeuza chini, na ambalo mara nyingi wakirudi misa ya Jumapili alilikuta limegeuzwa juu.

Walipofika nyumbani Hosiana aliwasha moto na kuteleka sufuria ya michembe iliyolowekwa tangu alfajiri. Mariana hakubadili hata kanga. Alichukua sahani nyeupe ya bati, akachomoa unyoya mrefu wa bawa la jogoo aliyechinjwa Krismasi, aliokuwa ameuchomeka ukutani, akaegemeza ngazi, akapanda.

Darini kulikuwa kama siku zote: joto, giza la kahawia, harufu ya moshi na karanga. Alipiga magoti kwenye miti iliyo juu kabisa ya mafiga, akasogeza gunia la kwanza la michembe. Chini yake masizi yalikuwa yameganda manene kama ugali wa jana. Aliyakwangua taratibu kwa unyoya, akayakusanya kwenye sahani, akaisogeza sahani penye ufa wa mwanga. Akapuliza masizi kidogo kidogo.

Kitone kimoja kiling'aa, kidogo kuliko jicho la siafu. Kisha cha pili. Alipoinamisha sahani vilikimbiliana, vikaungana, vikawa kimoja. Zamani, Masalu akiwa mgongoni, alikuwa akiwauzia uji wachimbaji pale mwaloni wanapooshea mchanga wao. Alikijua kitu kile kama anavyoijua chumvi.

Alikwangua chini ya gunia la pili, la tatu, na la mahindi lililo mbali karibu na ukuta. Hapo mbali hakuona kitone. Akajaribu kufurahi, ikashindikana. Nesi alisema haionekani.

Chini yake sufuria ilianza kuchemka, na Justa alisikika akiuliza kama michembe imeiva.

Mariana alishuka upesi kuliko umri wake. Alichukua matambara mawili, akaiepua sufuria, akaitoa nje, akaimwaga yote nyuma ya jiko. Kisha akaifukia michembe ile kwa jembe ili kuku wasidonoe. Hosiana alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi. Hakuuliza kwa nini. Kule kutouliza ndiko kulikomjibu Mariana.

Masalu alirudi kutoka duarani, shimo lao la dhahabu, saa nane, akiwa na njaa na udongo mpaka kwenye kope. Alinawa, akakaa kwenye kigoda, akangoja chakula. Mama yake alimletea ile sahani ya bati, akaiweka chini mbele yake.

“Mayu, hiki nini?” alimwuliza mama yake.

“Niambie wewe, mtaalamu.”

Masalu alisema kila mtu anajua yeye huchomea mwaloni pamoja na wenzake. Alisema huenda kimetoka kwenye nguo zake. Alisema maneno mengi. Lakini huku mdomo ukiongea, kidole chake cha shahada kilikuwa kimeshafika kwenye ukingo wa sahani, kikaiinamisha kidogo, kikavielekeza vitone upande mmoja ili visipotee, kama wafanyavyo wachimbaji wote bila kujua wanafanya. Kidole chenyewe kilitetemeka. Aliona mama yake anakiangalia. Akakirudisha mapajani.

“Tangu lini?” Mariana aliuliza.

Aliyejibu ni Hosiana, kutoka mlangoni. Tangu Jumapili iliyofuata Pasaka ya mwaka jana. Mama akitangulia kanisani, Masalu hufunga mlango wa jikoni kwa ndani. Yeye alimwambia akachomee porini, akamjibu kwamba porini kuna macho.

Hapo Masalu akaongea yote. Mwenzake mmoja, Marwa, alichoma hadharani kule machimboni, watu wakaiona dhahabu, na jioni wakamfuata na mapanga mpaka kwake. Mpaka leo mkono wake mmoja haunyooki. Jikoni palikuwa na kuta. Palikuwa na moshi mwingine wa kuuficha huo. Na alikuwa mwangalifu, alisema, kila mara alijifunga kitambaa kibichi puani.

“Wewe ulijifunga kitambaa,” Mariana alisema. “Michembe yangu uliifunga nini?”

Hakupandisha sauti. Alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaanza kuhesabu upya. Tangu Pasaka. Michembe yote ya mwaka jana ilipanda darini Julai. Mahindi, Juni. Yale ya mwaka juzi yalikuwa huko tayari. Hakuna gunia, hakuna kibuyu, kilichokosa Jumapili zake. Na wamekula humo. Justa amekula humo. Aliyeko tumboni amekula humo tangu siku ya kwanza. Hilo la nyuma hakuna aliyeweza kulirudisha. Lililobaki mikononi mwake lilikuwa moja tu: mtoto huyu angekula nini kwa miezi mitatu iliyobaki, na nyumba ingekula nini baada ya Aprili.

Masalu alikuwa ameshafika huko kabla yake. Alisogeza kigoda, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na ng'ombe mkali. Magunia hayo, alisema, wayapakie kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, wayapeleke Segese. Kule mgodini watu ni wengi, wageni kutoka kila mkoa, wananunua bila kuuliza, na mwaka huu wananunua kwa kugombania. Wakiuza hayo wananunua mengine safi, wanayaweka mahali pengine. Nyumba haitalala njaa hata siku moja. “Na hakuna atakayejua, mayu.”

Ni uongo kusema kwamba Mariana alikataa hapo hapo. Alijua mahindi ya moshi yana soko. Mnunuzi huyanusa, akatambua yamehifadhiwa na mtu mzima mwenye akili, akaongeza bei mwenyewe. Alimwangalia Hosiana, tumbo lake lililochongoka kwa mbele, mifupa ya shingo ilivyoanza kuonekana. Alimwangalia Justa, aliyekuwa amekaa kivulini akila udongo wa ukutani akidhani haonekani. Miaka mitatu ya mgongo wake ilikuwa imelala darini. Nani angemlaumu? Akamwona vilevile, bila kutaka, mwanamke asiyemjua, amesimama sokoni Segese na kapu lake, ananusa kiganja cha mahindi na kujiona ana bahati.

“Segese hakuna mwenye mimba?” aliuliza.

Masalu alirudisha kigoda nyuma.

“Nimekuuliza, baba.”

“Wapo, mayu.”

“Basi panda ushushe.”

Ikabaki waipeleke wapi akiba ile. Kuchoma hapana, zebaki ingepanda tena hewani, ingewatulia tena. Kutupa porini, watu wangeokota. Kufukia shambani, watu wangefukua, na mwaka huu wangefukua hata kaburi kama wangesikia limezikwa na gunia. Palikuwa na shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba, lenye kina, ambalo Mabula alilifunika kwa magogo walipochimba choo kipya. Mariana alisema wayaingize magunia humo na kulifukia kwa udongo.

Masalu alitazama upande wa choo. Ilikuwa saa tisa mchana. Njia ya kisimani inapita ubavuni mwa choo. Alimwomba mama yake angalau wangoje watu wapungue.

“Watu wataona, mayu. Unajua watasemaje.”

Alijua. Ajuza mwenye macho mekundu ya moshi, mjane, anamwaga magunia ya chakula chooni mwaka wa njaa. Katika nchi yao vikongwe wamefikwa na makubwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wangesema ameifunga mvua mwenyewe ili akae na dari yake. Alilipima hilo nalo, kama alivyopima mengine, akaona kwamba kitakachomwua ni kufanya kwa kujificha.

Hosiana na Justa aliwaambia wakae upande upepo unakotoka, mbali, karibu na kihenge. Masalu alijifunga kitambaa, akapanda. Magunia yalishuka moja moja. Waliondoa magogo, Mariana akakata uzi wa gunia la kwanza kwa kisu cha jikoni. Mahindi yalipoanguka shimoni yalitoa sauti ya mvua ya mawe kwenye bati, sauti ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiisubiri tangu Desemba.

Rebeka ndiye wa kwanza kufika kwenye ua wa minyaa. Nyuma yake walisimama wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani, ndoo kichwani. Walitazama gunia la pili likikatwa. Hakuna aliyesalimia.

“Mama Masalu,” Rebeka alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha kwenye sauti yake. “Wiki iliyopita nilikuja kwako na bakuli. Nikakuomba michembe ya watoto. Ukaniambia ya kutoa hakuna.”

“Nilisema hivyo.”

“Na leo unakipa choo.”

Mwanamke mmoja aliishusha ndoo yake chini. Masalu, gunia likiwa begani, alisimama katikati ya jiko na shimo asijue aende mbele au arudi.

Mariana alisimama wima. Magoti yalimuuma, kisu kilikuwa bado mkononi, akakiweka chini ili wasikione wao badala ya kumsikia yeye. Angeweza kusema mahindi yameoza. Lakini mahindi yaliyooza yana harufu, na haya yalinukia. Usiku ule ule wangeingia shimoni na taa.

“Chakula hiki kina sumu,” alisema. “Mwanangu Masalu amechoma dhahabu jikoni mwangu, chini ya dari, mwaka mzima, sisi tukiwa misani. Zebaki yake iko kwenye kila gunia. Nimeiona kwa macho yangu, sahani ile pale, njooni muiangalie. Rebeka, nilikunyima kwa uchoyo, siyo kwa wema, usije ukanishukuru. Lakini mtu yeyote akishuka humu ndani kuokota, asiseme Mariana hakumwambia.”

Shingo ya Masalu iliingia mabegani. Kuanzia saa ile kijiji kizima kilijua kwamba kwao kuna dhahabu, na ni nani aliyeilisha familia yake sumu. Akasimama hivyo hivyo mbele yao, gunia likimwelemea. Kisha akapiga hatua, akafika shimoni, akalikata uzi mwenyewe, akamwaga.

Mwanamke aliyeshusha ndoo alisogea, akaiangalia sahani. Akatoka hapo akitingisha kichwa, akamnong'oneza mwenzake.

Rebeka hakuiangalia. Alikuwa ameganda, mkono kwenye mnyaa, utomvu ukimchuruzikia vidoleni asiusikie. Mume wake na shemeji yake walikuwa wachimbaji wa duara moja na Masalu.

“Mama Masalu,” aliuliza polepole, “mtu akichoma barazani, siku za upepo, na watoto wamelala ndani? Mlango ukiwa wazi?”

“Sijui, mwanangu. Nenda kamuulize nesi Eunice. Lakini usiwape kitu kilichokaa barazani.”

Rebeka aligeuka. Alitembea hatua kama kumi kwa heshima ya mwanamke aliyeolewa, kisha akaipandisha kanga magotini, akakimbia.

Waliendelea mpaka gunia la mwisho, na vibuyu vya majani ya kunde, na karanga ambazo Mariana alizichambua punje kwa punje zikiwa mbegu. Walitia udongo, Masalu akaukanyaga mpaka ukashindiliwa. Jiko walilifunga, na Mariana akasema halitapikiwa tena mpaka atakapopata mtu wa kumweleza linaoshwaje, au libomolewe.

Jua likiwa linainama alitafuta mawe matatu uani, akayapanga upande wa pili wa kihenge. Akafungua mfuniko, akaingiza mkono mpaka begani, akachota mtama. Kibaba kimoja na nusu. Alikiangalia, akahesabu siku mpaka Aprili, akaona kufika Aprili tu haitoshi. Akarudisha nusu. Kuanzia kesho watu wazima wangekula mara moja. Masalu angeendelea na duara, lakini dhahabu yake ingechomwa na kuuzwa huko huko, na kitakachorudi nyumbani kirudi kikiwa unga.

“Na kisipopatikana?” Masalu aliuliza. Alikuwa amekaa chini, siyo kwenye kigoda.

“Tutaenda kuomba, kama Rebeka alivyokuja kuomba. Utabeba bakuli wewe.”

Aliusaga mtama, akasonga ugali mwembamba mwekundu, akapika mlenda aliouchuma bondeni jana yake. Kwa desturi ya nyumba ile mwanamume alipakuliwa kwanza. Mariana alipakua sahani ya Hosiana, akaijaza, akampelekea kule alikokaa karibu na kihenge, akasimama mbele yake mpaka alipomeza tonge la kwanza. Ndipo akarudi kumpakulia Justa, aliyekuwa akilia kidogo kidogo akitaka matobolwa.